Mlango wa mbao wenye vioo vidogo vidogo, na kwa nini kioo kinunuliwe mwisho

Kioo nunua mwisho kabisa. Naanza na hilo kabla hata sijataja msumeno, maana mlango wangu wa kwanza wa aina hii nilimtengenezea shangazi kule Tanga na mimi kwa kiherehere changu nikapiga hesabu kwenye karatasi, nikaenda kukata vioo tisa, nikavipanga vizuri kwenye gazeti, ndo nikaanza kuranda mbao. Mlango ulipoisha vioo viwili vikagoma kuingia, vitatu vikaingia kwa kusukumwa, na masika yalipokuja mbao ikavimba kidogo tu, kimoja kati ya vile vya kusukumwa kikapasuka chenyewe usiku, shangazi akadhani ni mwizi. Mbao inavimba na kusinyaa, kioo hakivimbi. Ukilielewa hilo umeshaelewa zaidi ya nusu ya kazi, mengine ni kupima na kuwa na subira.

Mlango ninaouzungumzia hapa ni ule wenye paneli ya mbao chini na vioo juu, vimegawanywa na fito nyembamba za mbao. Naelekeza wa vioo tisa, safu tatu kwa tatu. Zamani vioo viligawanywa hivi kwa sababu kioo kilipulizwa kwa mdomo na kupata kipande kikubwa kilichonyooka ilikuwa shughuli na gharama, baadaye zikaja mashine, na kampuni ya Pilkington ya Uingereza ilipotangaza mwaka 1959 njia ya kumwaga kioo cha moto juu ya bati iliyoyeyuka (ile metali, sio bati la kuezekea) ndo vioo vikubwa vilivyonyooka vikawa rahisi kupatikana. Kwa hiyo leo tunagawanya kwa urembo, ila kuna faida moja ya kweli: mtoto akipiga mpira unabadilisha kipande kimoja, sio mlango mzima. Kuna mafundi wanaweka kioo kimoja kikubwa halafu wanabandika fito juu yake mbele na nyuma ionekane kama imegawanywa. Sio dhambi, lakini faida hiyo inapotea, na fito za kubandika baada ya mvua mbili tatu zinaanza kuachia.

Mbao kwanza. Kwa mlango wa nje mi nachagua mninga au mkongo, na mtiki pia ni mzuri sana ukiupata mkavu (ule wa mashamba ya Longuza na Mtibwa unaonekana sana sokoni). Mninga naupenda zaidi kwa kazi ya vioo kwa sababu ukishakauka hauchezi sana, na unarandika bila ugomvi. Paini wa Sao Hill unafaa kwa mlango wa ndani utakaopigwa rangi, kwa nje utajutia. Popote unaponunua, iwe Keko kule Dar au kwa muuza mbao wa mtaani, dai risiti na uliza kama mzigo una vibali vya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), sio kwa ajili ya sheria tu, hata mbao yenyewe inakuwa na historia inayoeleweka.

Sasa kukauka. Muuzaji yeyote atakwambia "hii kavu kabisa bosi" na haina haja ya kubishana naye. Kata kipande cha urefu wa shibiri moja, kisipokuwa cha mwisho wa ubao maana huko kunakauka haraka, kipime kwenye mzani wa jikoni, andika gramu, kiache ndani ya nyumba siku nne tano ukipime tena. Kama uzito bado unashuka kila ukipima, mbao bado mbichi, ipange ndani kwa vijiti katikati hewa ipite, usubiri wiki kadhaa. Najua inachosha ila mlango wa mbao mbichi utapinda, na mlango wa vioo ukipinda sio kwamba unagoma kufunga tu, unapasua.

Vipimo. Pima uwazi wa fremu yako, sio wa jirani wala wa kitabu. Pima upana juu, katikati na chini, uchukue ulio mdogo, pima urefu kulia na kushoto, halafu pima kona kwa kona, ile mistari miwili ya msalaba ikilingana fremu iko skwea (kona zote digrii 90), ikitofautiana mm 5 na kuendelea andaa kuuacha mlango mkubwa kidogo uje uurande kufuata fremu. Mimi hapa nachukua uwazi wa mm 900 kwa 2100. Unaacha mm 3 kila upande na juu, chini mm 7, kwa hiyo mlango wenyewe unakuwa 894 kwa 2090. Unene baada ya kuranda mm 42, unaopatikana kwenye mbao ya inchi 2.

Hesabu ya ndani naiandika yote maana hapa ndo watu wanapotea. Miguu miwili ya kusimama, kila mmoja upana mm 114. Mbao za kulala ni tatu: ya juu 114, ya kati 170, ya chini 230. Toa miguu kwenye upana, 894 toa 228, inabaki 666, huo ndo uwazi wa katikati. Kwenye urefu, toa mbao zote tatu za kulala inabaki 1576, nimeigawa 1014 ya vioo juu na 562 ya paneli chini. Fito za kugawa vioo zina upana wa mm 27 zinazoonekana. Kwa upana una fito mbili, 666 toa 54 ni 612, gawa kwa tatu unapata 204 kamili. Kwa urefu 1014 toa 54 ni 960, gawa kwa tatu 320. Kwa hiyo kila dirisha dogo linaonekana 204 kwa 320. Umeona namba zimetoka bila desimali? Sio bahati, nilicheza na upana wa fito na wa miguu mpaka zikakaa, na wewe kama fremu yako ni tofauti fanya hivyohivyo, badilisha upana wa mbao kwa mm moja mbili mpaka kila dirisha liwe namba kamili, utajishukuru ukifika kwenye kuchora. Na hakikisha kila dirisha ni refu kuliko upana wake, karibu mara moja na nusu, vile vya mraba vinafanya mlango uonekane kama kabati la duka la dawa.

Kata mbao ikiwa na ziada. Miguu ikate mm 2190, yaani unaacha masikio ya mm 50 juu na chini, yanazuia mbao kupasuka wakati unachimba matundu karibu na mwisho, na yanalinda kona mlango ukiwa unaburuzwa huku na huku. Utayakata mwishoni kabisa. Mbao za kulala kata mm 806, hiyo ni 666 ya katikati na ndimi za mm 70 kila upande. Kama hupati mbao pana ya 230, gundisha mbili nyembamba ubavu kwa ubavu, haina shida. Fito zichague kwenye mbao yenye nyuzi zilizonyooka kabisa, hapa usiwe bahili, ufito wenye kifundo utapinda hata kabla hujaupaka gundi. Za kulala mbili mm 706, za kusimama mbili mm 1054, zote unene uleule wa 42 na upana 27. Kata na moja ya ziada kila aina, nakwambia kwa upendo.

Kuunga kona tunatumia tundu na ulimi. Kuna watu wanapiga skrubu na gundi basi, mlango wa namna hiyo kwa uzito wa vioo utainama ndani ya mwaka. Unene wa ulimi ni theluthi ya unene wa mbao, kwa hiyo 42 gawa kwa 3 ni 14, uwe katikati. Tundu lichimbwe kwanza, ndo uje ukate ulimi kufuata tundu, maana ulimi unaweza kuupunguza kwa patasi ila tundu huwezi kulirudishia nyama. Kama huna mashine ya kuchimba, toboa mashimo ya mm 14 yanayofuatana kwa drili halafu safisha kuta kwa patasi kali, kina mm 72 ili zile mm 2 za chini zikae gundi itakayosukumwa. Ulimi wa juu kabisa usiuache upana mzima wa mbao, upunguze karibu mm 35 kwa upande wa nje ili tundu lisitokeze kichwani mwa mguu. Ile mbao ya chini ya 230 ni pana mno kwa ulimi mmoja, igawe ndimi mbili zenye nafasi katikati, ulimi mpana ukisinyaa unaachia ndani ya tundu.

Ulimi uingie kwa kusukumwa na mkono na kugongwa kidogo na nyundo ya mpira. Ukiingia wenyewe kama funguo kwenye mfuko, umeshaharibu, bandika kipande chembamba cha mbao kwa gundi ukate upya. Ukihitaji nyundo kubwa, utapasua mguu.

Kwa ajili ya paneli ya chini chimba mfereji wa upana mm 12 na kina mm 12 kwenye miguu, chini ya mbao ya kati na juu ya mbao ya chini. Mfereji wa miguu uishie pale paneli inapoishia, usiuendeleze mpaka kwenye vioo. Paneli igundishe kwa mbao tatu nne zenye unene wa mm 20 hivi, nyuzi zisimame, halafu kingo zipunguze ziwe mm 12 kasoro kidogo zicheze ndani ya mfereji. Upana wake: 666 ongeza 24 za mifereji ni 690, toa 8, kata 682. Urefu 582. Hizo mm 8 za upana ndo pumzi ya paneli, mbao inavimba kwa upana sio kwa urefu, na paneli HAIWEKWI gundi kwenye mfereji hata tone. Nimeona milango mizuri ya mkongo imepasuka katikati ya paneli kwa sababu tu fundi aliona ikicheza akaikazia na misumari.

Tuje kwenye fito, hapa ndo raha yenyewe. Zinapokutana zinapishana nusu kwa nusu, yaani unachonga kila moja mm 21, nusu ya unene, moja kwa mbele nyingine kwa nyuma, zikikaa zinakuwa sawa kama mbao moja. Kuchora usipime kila ufito peke yake na tepu! Chukua fito zote mbili za kulala, zibane pamoja kwa klampu, chora mara moja kwa skwea. Kuanzia begani (pale ulimi unapoanzia) alama ni 204, 231, 435, 462 na bega la mwisho 666. Za kusimama nazo zibane pamoja: 320, 347, 667, 694, mwisho 1014. Mimi hata hizo namba nazitumia kukagua tu, upana halisi wa kuchonga nauchukua kwa kuweka ufito wenyewe juu ya mwenzake na kuchora kwa kisu pande zote mbili, kalamu ya mkaa ina unene wake na ukijumlisha unene huo mara nne gridi nzima imeshakwenda upande. Kata kwa msumeno wenye meno madogo, ndani kidogo ya mstari, malizia na patasi.

Ncha za fito weka vilimi vifupi vya mm 20, unene mm 12, na vitundu vyake uchimbe kwenye miguu, kwenye mbao ya juu na ya kati. Utakuwa na vitundu vinane. Ndio, vinachosha. Ukitaka kurahisisha tumia vijiti vya mbao ngumu vya mm 10, toboa mm 20 kila upande, ila drili ikikaa kombo ufito nao unakaa kombo.

Kabla ya gundi panga mlango mzima mkavu. Yote. Bana na klampu, pima kona kwa kona, pima kila dirisha dogo, simama mbali uangalie kwa jicho moja kama kuna mguu umepinda. Ukiona tatizo saa hii ni dakika kumi, ukiliona baada ya gundi ni mlango mpya.

Gundi iwe ile ya mbao isiyoyeyuka na maji, soma kopo. Ya kawaida ya ndani ni nzuri kwa kiti cha sebuleni, sio kwa mlango unaopigwa na mvua. Kama mbao ni mtiki, futa ndimi na matundu kwa thina kwanza, mti ule una mafuta yake na gundi inateleza. Na joto la Dar saa saba mchana gundi inaanza kukauka wakati bado unatafuta nyundo, kwa hiyo mi nafanya alfajiri au jioni na lazima niwe na mtu wa pili, hata kama ni mdogo wako anayeshika simu mkono mmoja. Mpangilio ninaoutumia: siku ya kwanza nagundisha gridi ya fito peke yake juu ya meza iliyonyooka. Siku ya pili naingiza vichwa vya fito za kusimama kwenye mbao ya juu na ya kati, naingiza paneli kati ya mbao ya kati na ya chini, mguu mmoja unakuja upande huu, mwingine upande ule, vilimi vyote vinaingia kwa pamoja, hapo ndo utapiga kelele. Klampu tatu kwa chini ya mlango, mbili juu, zipishane mbele na nyuma zisivute mlango ukapinda. Pima kona kwa kona tena, ukikuta tofauti sogeza klampu kidogo kwa mshazari mpaka zilingane. Futa gundi iliyotoka kwa kitambaa chenye unyevu, uache mpaka kesho.

Kesho yake mlango umekaa kama ngazi yenye madirisha tisa ambayo hayana pa kuweka kioo. Hapo inakuja rebeti, ile ngazi ndogo kioo kinapolalia. Wengi wanaikata kabla ya kuunga, na ni sahihi, lakini mabega ya ndimi yanakuwa marefu tofauti mbele na nyuma na kama ndo mlango wako wa kwanza utachanganyikiwa. Ukiikata baada ya kuunga yanakuwa mambo rahisi: laza mlango uso chini, chukua rauta (mashine ya umeme ya kuchonga mifereji) yenye bladi ya rebeti inayotembea kwa beringi, kata kila dirisha kwa upande wa ndani, upana wa rebeti mm 8, kina mm 20, kwa awamu mbili au tatu sio mara moja. Mbele inabaki mm 22 nzima ya kushikilia kioo. Chini ya rauta funga kipande kipana cha plaiwudi, maana fito ni nyembamba na rauta ikiyumba inakula mahali ambapo hukupanga. Kona zitabaki za duara, zinyooshe kwa patasi, ziko thelathini na sita, weka redio.

Kama huna rauta na hutaki kuazima, kuna njia ya mtaani: hukati rebeti kabisa, unaweka bidingi (fimbo nyembamba za kubana kioo) pande zote mbili, za nje unapigilia kwanza, kioo kinakaa katikati, za ndani zinafuata. Inafanya kazi, ila za nje zinapitisha maji na mtu mwenye bisibisi anaweza kuzibandua akiwa nje amesimama zake taratibu. Kwa mlango wa ndani sawa, kwa wa nje mimi hapana.

Piga msasa namba 80, kisha 120, malizia 180. Halafu paka rangi au vanishi ya nje SASA, kabla ya kioo, na ndani ya rebeti pia, pamoja na vichwa vya juu na chini vya mlango ukishakata yale masikio. Vichwa hivyo ndo vinavyokunywa maji kama mrija na ndo watu wanavyovisahau kwa sababu havionekani. Kupaka kabla ya kioo kuna sababu nyingine, rangi haishiki juu ya silikoni.

Sasa ndo unakwenda kwa muuza kioo. Pima kila rebeti, zote tisa, kwa sababu hata ukiwa hodari kiasi gani kuna moja itakuwa pungufu. Kwa hesabu zetu rebeti ni 220 kwa 336 (204 na 320, kila moja ongeza 16), unatoa mm 4, kioo kinakatwa 216 kwa 332. Hizo mm 2 za kila upande ndo zilizokosekana kwa shangazi. Kioo cha mm 5 kina uzito wa kilo 12 na nusu kwa mita ya mraba, kwa hiyo tisa hivi vinafika kilo 8, mlango mzima wa mninga utakuwa kama kilo 37 hadi 40.

Kioo gani? Mlangoni watu wanapita, watoto wanagonga, kwa hiyo kioo cha kawaida sikipendekezi kwa hii ya nje. Kuna kilichochomwa kikawa kigumu, mafundi wanakiita tempa, kikivunjika kinakuwa punje punje kama chumvi ya mawe, lakini kikishachomwa hakikatwi tena hata mm moja, ukikosea kipimo umenunua meza ya sufuria. Kuna kile cha tabaka mbili zenye plastiki katikati, mm 6.38, kikipasuka vipande vinabaki vimeshikana, na mtu hawezi kupitisha mkono kirahisi. Mimi naweka hicho, uzito unaongezeka kidogo tu. Kama mlango unatazama barabara chukua cha maua maua kisichoonyesha ndani, safu ya chini angalau.

Bidingi, zile fimbo nyembamba za kubana kioo, zikate upana mm 8, na kina chake ukipime baada ya kuweka kioo cha kweli kwenye rebeti, kwa kioo cha mm 5 inakuja kama mm 12. Kona zake kata digrii 45. Toboa matundu madogo kabla ya kupigilia, vijisumari vya mm 15 vinatosha kwenye fito, virefu zaidi vitatokea upande wa pili kwenye rebeti ya jirani na kugusa kioo chake. Weka mstari mwembamba wa silikoni kwenye rebeti, laza kioo, kisukume kwa viganja mpaka silikoni itambae yenyewe pande zote, vipande vidogo vya mpira chini kioo kisigusane na mbao, halafu bidingi. Silikoni iwe ile isiyonuka siki, inayonuka siki inaweza kula ile plastiki ya katikati ya kioo kwenye kingo na inachubua chuma. Ukipiga msumari weka kadibodi juu ya kioo, nyundo iteleze juu yake. Bidingi zote zikae ndani ya nyumba, sio nje.

Kuning'iniza: bawaba tatu za inchi 4, sio mbili. Ya juu kama mm 150 kutoka juu, ya chini mm 220 kutoka chini, ya tatu wengi wanaweka katikati, mi naisogeza juu kidogo maana uzito unavuta kona ya juu. Kitasa usikichimbe pale mbao ya kati inapoungana na mguu, utakuwa unakata ulimi uliouhangaikia. Mbao ya kati kwenye mlango huu inaishia mm 962 kutoka chini, kwa hiyo kitasa kikae kitovu chake kikiwa mm 1050 kutoka chini, kinapita juu ya kiungo salama. Shida ni kwamba hapo kiko jirani na kioo, na dirisha la upana wa mm 204 mkono unapita, kwa hiyo chagua cha funguo pande zote mbili na funguo isilale mlangoni usiku, ila iwe na mahali pake panapojulikana na kila mtu ndani, siku ya moto hakuna muda wa kuitafuta.

Mlango ukigusa fremu mwezi wa kwanza baada ya kuuning'iniza usikimbilie kuuranda. Subiri masika yapite, angalia unagusa wapi hasa, randa kidogo upande wa kitasa ndo upake rangi tena palepale ulipochubua.

Na ukienda kukata vioo, kata kumi. Shangazi baadaye nilimwekea cha akiba nyuma ya kabati kimefungwa na kanga, miaka mitatu hakuna aliyekigusa, mwaka jana mjukuu wake akapiga danadana sebuleni na kazi yote ya kubadilisha ilikuwa dakika arobaini pamoja na chai.